Ulinzi wa Ziwa na Suala la Kambi: Uchambuzi wa Mpaka wa Maji wa Nyanza

Mkanganyo wenyewe

Kila habari inapovuma katika fuo za Uyoma, Sakwa na Suba kwamba mashua zimekamatwa katikati ya ziwa, mashini zake zimechukuliwa na wavuvi wake wamepelekwa upande wa pili, swali moja huinuka miongoni mwa watu, na kila aulizaye hulielekeza kwake. Wako wanaouliza jeshi liko wapi. Wako wanaouliza kwa nini manowari za Kenya zimetia nanga Mombasa, mamia ya maili kutoka maji haya. Na wako, nao si wachache, wasiojua hata kama waliowakamata ni askari wa jeshi, au polisi, au walinzi wa samaki, au wahuni tu waliojipatia sare. Kutokana na fazaa hiyo limezaliwa dai ambalo sasa husikika katika mikutano ya hadhara kila msimu wa siasa, nalo ni kwamba Nyanza ijengewe kambi ya kijeshi kando ya ziwa, na kwamba kukosekana kwake ni dalili ya kupuuzwa.

Luanda Kotieno, ambako feri ya kwenda Mbita hupakia abiria, magari na magunia ya omena, ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Mbele yake ndipo Ghuba ya Winam inapopitia mlango mwembamba baina ya Uyoma na Rusinga na kukutana na ziwa kuu; ndani ya mlango huo, upande wa mashariki, iko Kisumu pamoja na bandari yake, na nje yake, upande wa magharibi, yako maji mapana yenye mbuta na yenye mpaka. Tofauti hii baina ya ndani na nje ndiyo sababu mojawapo kubwa ya watu kubishana bila kuelewana, kwa maana ulinzi wa ghuba ni jambo moja na ulinzi wa wavuvi ni jambo jingine, na historia ya ufuo huu inaonyesha kwamba dola ilipata kulishughulikia la kwanza kwa nguvu zote, ilhali la pili halikupata kuwekewa tadbiri iliyokamilika.

Ngome zilizofuata reli

Kabla ya kuhukumu kama ufuo huu unastahili kambi, yafaa kukumbuka kwamba ulipata kuwa na askari zamani, na kwamba hawakuja kuwalinda wenyeji bali kuwatiisha. Himaya ya Uganda, ambayo mamlaka yake katika siku hizo yalienea upande wa mashariki hata Naivasha, ilimweka C. W. Hobley huko Mumias mwaka 1895, penye njia ya misafara iendayo Buganda. Naye, akiwa na askari wa Uganda Rifles, ambao wengi wao walikuwa Wanubi wenye asili ya Sudan, akaanza kuzivunja nguvu jamii zilizokataa amri. Mwaka ule ule ngome ya Wabukusu ya Chetambe ilianguka, na mwaka 1899 zamu iliwafikia watu wa Seme, Sakwa na Uyoma, yaani wenyeji wa rasi hii hii, ambao walipigwa na kunyang'anywa mifugo yao kwa jina la adhabu. Kwa hiyo askari wa kwanza wa dola kuonekana katika nchi ya Luanda Kotieno alikuja kuchukua ng'ombe, na hilo si jambo dogo la kusahauliwa na mtu anayetaka kujua kwa nini neno la kambi hupokewa hapa kwa hisia mbili zinazogombana.

Kilichougeuza ufuo kutoka ukingo wa nchi kuwa kituo cha vita ni reli. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka pwani na kuungwa Kisumu, iliteremshwa majini mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijawasili. Reli ikafika mwezi Desemba 1901, na bandari ikapewa jina la Port Florence. Tarehe 1 Januari 1902 Uganda Rifles na vikosi vingine vya himaya za Kiingereza viliunganishwa kuwa King's African Rifles, wale ambao raia waliwaita Keya. Na tarehe 1 Aprili mwaka huo huo Jimbo la Mashariki la Uganda, pamoja na Kisumu, likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, sababu kubwa ikiwa ni kuiweka njia yote ya reli chini ya serikali moja. Reli, jeshi na mpaka vilipatikana ndani ya miezi mitano hivi. Na msomaji ataona chini kwamba uhamisho ule, uliofanywa kwa wepesi wa mtu ahamishaye mizigo ghalani, ulikuja kuwa hoja ya vita miaka 74 baadaye.

Vita Vikuu vya kwanza vilipozuka mwezi Agosti 1914, Kisumu ikawa kituo cha vita kwa maana halisi. Wajerumani walivuka kutoka upande wa Shirati wakaingia Kisii mwezi Septemba, na Keya waliopelekwa kutoka Kisumu wakapambana nao hapo hata wakarudi nyuma. Majini hapakuwa na manowari hata moja iliyojengwa kwa kazi hiyo: Waingereza walizifunga mizinga meli zao za abiria na mizigo, Winifred na Nyanza na Kavirondo, na Wajerumani wakafanya vivyo hivyo kwa chombo chao kilichoitwa Muansa. Sybil, meli nyingine ya Kiingereza, ilipanda mwamba pwani ya Majita na ikaachwa huko. Mwezi Juni 1915 jeshi chini ya Brigedia Jenerali J. M. Stewart lilipakiwa Kisumu, likapita katika mlango huu wa Rusinga, likaishambulia Bukoba na kuuangusha mnara wa simu ya upepo, kisha likarejea. Na mwezi Julai 1916 Mwanza nayo ikatwaliwa. Tangu siku hiyo Kisumu ikakosa adui majini. Mizinga ikateremshwa, meli zikarudia pamba na abiria, na vijana wa Kiluo na Kigusii waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi wakafuata vita kusini, ambako wengi wao walikufa kwa homa na kuhara kuliko kwa risasi.

Hapa pana funzo ambalo wanaodai kambi huliruka. Nguvu ya kijeshi ya Kisumu haikutokana na ngome yoyote. Ilitokana na gati, karakana ya meli na reli, vitu ambavyo vilijengwa kwa biashara na vikaazimwa na vita. Adui alipoondoka, nguvu ile iliyeyuka kwa mwaka mmoja, kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kuilisha. Katika Vita Vikuu vya pili mambo yalikuwa dhahiri zaidi, kwani adui alikuwa Mwitalia wa Ethiopia na Somalia, jeshi likaelekezwa kaskazini, na Kisumu ikabaki na uwanja wake wa ndege na maji yake ambamo ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua tangu miaka ya 1930.

Ramani ya hofu

Dmitry Milyutin, waziri wa vita wa Urusi ya kifalme, alipoigawa milki ile kubwa katika wilaya za kijeshi katika miaka ya 1860, Warszawa na Kiev na Odessa na nyinginezo, hakufanya ila kuandika juu ya ramani hofu za serikali yake: palipokuwa na jirani wa kuogopwa au raia wa kutiliwa shaka, hapo palipata makao ya jeshi. Dola changa hazikuvumbua kanuni nyingine, na Kenya haikuwa tofauti ila kwa jambo moja, kwamba hofu iliyochorwa katika ramani yake ilikuwa kwanza ya mwingine.

Tarehe 12 Desemba 1963 bataliani tatu za Keya, ya 3, ya 5 na ya 11, ziligeuzwa kuwa Kenya Rifles, na pamoja nazo serikali mpya ikarithi kambi zilizojengwa kwa shabaha za mkoloni. Nanyuki, Gilgil na Lanet zilikuwa katika nyanda za walowezi au kando yake; Langata na Kahawa zililizunguka jiji la Nairobi. Baadhi ya majengo yaligeuzwa matumizi, kama ile kambi ya Templer iliyokabidhiwa serikali na kuwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1965, lakini mpango wenyewe ulibaki. Fauka ya hayo, hofu mbili mpya ziliufanya mpango huo uwe mgumu kubadilika. Ya kwanza ilitoka ndani ya jeshi lenyewe: mwezi Januari 1964, siku chache baada ya askari wa Dar es Salaam na Jinja kuasi, askari wa bataliani ya 11 waliasi Lanet, wakazimwa kwa msaada wa majeshi ya Kiingereza, na bataliani ile ikavunjwa. Ya pili ilitoka kaskazini mashariki, kwa vita vya shifta vilivyodumu hata 1967 na kwa madai ya Somalia, hivyo Garissa, Wajir na Mandera zikapata askari na zikaendelea kuwa nao hata Operesheni Linda Nchi ya mwezi Oktoba 2011. Jeshi la Wanamaji, lililoanzishwa tarehe 12 Desemba 1964, lilipewa Bahari ya Hindi kuwa uwanja wake, likakaa Mtongwe, na baadaye likafika Manda katika Lamu.

Magharibi ya nchi jeshi likawa na makao makubwa Eldoret, ambako Moi Barracks huwapokea makuruta wa taifa zima na ambako kiwanda cha risasi kilijengwa katika miaka ya 1990. Eldoret si mbali sana na ziwa kwa mwendo wa gari, wala si sahihi kusema kwamba magharibi hakuna jeshi. Lakini ni kambi ya nyanda za juu, yenye kuutazama mpaka wa nchi kavu, na hakuna bataliani iwezayo kuendesha mashua kutoka Uasin Gishu.

Je, ziwa lilisahauliwa, au liliepukwa? Kwa maoni ya mwandishi huyu yote mawili yalikuwako. Lilisahauliwa kwa sababu baada ya 1916 halikuleta adui. Liliepukwa kwa sababu uhusiano wa serikali na Nyanza uliharibika mapema: tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, walinzi wake waliwafyatulia umati risasi, na taarifa rasmi ikataja watu 11 waliokufa ilhali wenyeji daima wametaja wengi zaidi. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, ambalo Hezekiah Ochuka wa jeshi la anga, mzaliwa wa Nyanza, alikuwa kichwa chake, likaongeza ukungu juu ya ukungu. Serikali haikuwa na haraka ya kuweka silaha nyingi mahali ambapo haikuwa na imani napo, na wenyeji nao hawakuwa na hamu ya kuletewa askari waliowajua kwa risasi. Dai la kambi linalosikika leo, basi, ni jambo geni katika historia ya ufuo, na ugeni huo wenyewe unaonyesha jinsi hasara ya wavuvi ilivyowachosha watu.

Mstari na mwamba

Mpaka unaogombaniwa haukosi maandishi. Mstari wa kusini, digrii moja kusini ya ikweta, ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 na 1890. Mstari wa magharibi uliandikwa katika amri ya mfalme ya mwaka 1926, nayo inautaja kisiwa kwa kisiwa: Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta, Sumba, kisha mdomo wa mto Sio. Katiba ya Uganda ya 1995 inaurudia mstari huo huo katika jedwali lake, na azimio la viongozi wa Afrika huko Cairo mwaka 1964 liliwataka wote waiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Kwa hivyo, kwa upande wa sheria, hapana mzozo wa maana.

Mzozo ulikuja kwa njia mbili. Kwanza ni siasa: mwezi Februari 1976 Idi Amin alitangaza kwamba nchi yote iliyohamishwa mwaka 1902 ilikuwa haki ya Uganda, madai yaliyofika karibu na Nairobi, Kenya ikajibu kwa maandamano, kwa maneno makali ya Kenyatta na kwa kuzuia bidhaa za Uganda bandarini Mombasa, na Amin akarudi nyuma bila risasi kulia. Yafaa kuzingatia kilichomrudisha: si kambi ya Nyanza, kwani haikuwapo, bali reli ile ile ya 1901 na bandari iliyo mwisho wake.

Njia ya pili ni samaki. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, alijenga biashara ya viwanda na ya kusafirisha ng'ambo. Na Kenya, yenye asilimia 6 tu ya maji ya ziwa, ina wavuvi na wanunuzi wengi kupita maji yake. Samaki walipopungua karibu na ufuo, mashua zenye mashini ziliwafuata mbali, zikavuka mstari ambao hakuna boya linaloonyesha uko wapi. Migingo, mwamba wa nusu ekari hivi mbele ya pwani ya Nyatike, ukajaa vibanda vya mabati. Askari wa Uganda wakapandisha bendera yao hapo mwaka 2004 na kutoza kodi. Na kufikia 2009 jambo likawa la marais. Vipimo vinauweka mwamba huo kiasi cha nusu kilomita ndani ya Kenya. Rais Museveni mwenyewe alikubali mwaka 2009 kwamba mwamba ni wa Kenya, ila akashikilia kwamba maji yanayouzunguka ni ya Uganda. Na kazi ya pamoja ya kupima mpaka, iliyoanzishwa mwaka ule, ikakwama kabla ya kuzaa alama yoyote ambayo mvuvi aweza kuiona kwa macho.

Hoja ya wanaotaka kambi

Wanaotaka kambi ya wanamaji katika ziwa wana hoja tatu zenye uzito. Uganda hutumia jeshi: tangu 2017 imeweka kikosi maalumu cha majeshi yake kulinda uvuvi, na mvuvi wa Kenya anayekutana nacho hana wa kumkimbilia mwenye nguvu sawa. Aidha, mali iliyoko Kisumu imeongezeka, kwani gati la mafuta lilimalizika mwaka 2018 na meli ya Uhuru ikarudi kazini mwaka uliofuata, hivyo mlango wa ghuba una thamani ambayo haukuwa nayo miaka 40 iliyopita. Zaidi ya hayo, uwezo upo: wanamaji wenyewe ndio walioifufua karakana ya Kisumu, na Kenya Shipyards, shirika lililoundwa mwaka 2020, limejenga hapo Uhuru ya pili, na kwa kuwa hakuna manowari iwezayo kutoka Bahari ya Hindi ikafika ziwani kwa maji, karakana hiyo ndiyo njia pekee ya kupata vyombo vikubwa.

Udhaifu wa hoja hii hauko katika uwezo bali katika shabaha. Kambi iliyowekwa kwenye mlango wa ghuba, tuseme Luanda Kotieno au Mbita, ingeilinda Kisumu dhidi ya adui asiyekuwapo, na ingekuwa mbali na Migingo, ambako malalamiko yanatoka. Ni sawa na kutia kufuli mpya mlangoni ilhali mbuzi wanaibwa malishoni. Tena jeshi likikutana na jeshi, kosa la mtu mmoja huwa ugomvi wa dola: mwezi Desemba 1987 risasi zilizorushwa Busia baina ya majeshi ya nchi hizi mbili zilifunga mpaka na kuzuia mizigo, na wala hakuna aliyepata hata shibiri moja ya ardhi. Huko Afrika Magharibi, Nigeria iliweka askari wengi katika rasi ya Bakassi. Mahakama ya kimataifa ikahukumu mwaka 2002 kwa maandishi ya wakoloni kwamba rasi ni ya Kamerun, na askari wale wakaondoka. Mwenye maandishi mema ana sababu ndogo kuliko wote ya kutafuta bunduki.

Liko pia jambo la kile kikosi cha Uganda chenyewe. Wanaokionea wivu hawawasikilizi wavuvi wa Uganda, ambao wamelalamika mpaka bungeni kwao juu ya kupigwa na kuchomewa mashua na askari waliopewa kazi ya polisi. Tanzania nayo, katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018, ilichoma nyavu haramu kwa wingi na kuacha manung'uniko katika visiwa vyake. Askari wa vita hufunzwa kushinda. Mvuvi mwenye wavu wenye matundu madogo hastahili kushindwa, anastahili kupelekwa mahakamani.

Hoja ya walinzi wa kiraia

Kundi la pili husema kazi hii ina wenyewe. Sheria ya mwaka 2018 iliunda Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Kenya, kikapewa usalama wa majini, ulinzi wa uvuvi, vita dhidi ya magendo na uokoaji, nacho kiko chini ya wizara ya usalama wa ndani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 241, inaliruhusu jeshi kusaidia katika maafa, ila kulituma kurudisha amani ndani ya nchi kunahitaji idhini ya Bunge. Kwa hivyo kazi ya kila siku ya kukamata na kuachia inafaa kuwa ya chombo cha sheria. Nguvu ya hoja hii ni kwamba inagusa kinachoua zaidi ziwani, yaani dhoruba na mashua zilizojazwa kupita kiasi. Kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na kwa MV Nyerere mwaka 2018, yote upande wa Tanzania, kulionyesha kwamba ziwa halina haja ya mizinga kuliko lilivyo na haja ya mashua za kuokolea zenye mafuta na watu walio macho.

Udhaifu wake ni wingi wa wenye mamlaka. Walinzi wa pwani, polisi wa majini, maofisa wa uvuvi wa serikali kuu, wale wa kaunti, na kamati za usimamizi wa fuo ambazo watu huziita BMU, wote wana sehemu yao, na mipaka baina ya sehemu hizo haisomeki vizuri kuliko ule wa majini. Mvuvi aliyepoteza mashini hutumwa kutoka ofisi hii kwenda ile, na hatimaye humwendea mbunge, naye mbunge, kwa kukosa jibu, hudai kambi.

Hoja ya ushirika

Wa tatu hutaka mambo yote yaachiwe Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa mwaka 1994 na makao yake ni Jinja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa iko Kisumu. Na mwaka 2012 nchi wanachama zilitia saini itifaki ya ushirikiano katika ulinzi. Vyombo vipo, na hekima yake ni kubwa, kwa sababu samaki hawana uraia na kila nchi inayolinda peke yake huwafukuzia samaki kwa jirani. Lakini hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kiwezacho kumrudishia mtu mashua yake wiki hii, na kukwama kwa upimaji wa 2009 kunaonyesha kwamba ushirika usio na tarehe ya kumaliza kazi hugeuka kuwa posho za vikao.

Mizani

Hoja ya kambi inajibu aibu ya taifa, na aibu si kitu cha kudharauliwa, lakini haijibu tatizo: haipunguzi wavuvi wanaovuka bila kujua, haiongezi samaki katika asilimia 6, na inaweka bunduki mbili mahali palipokuwa na moja. Hoja ya ushirika ni kweli kwa miaka 20 ijayo na ni bure kwa mwaka huu. Ya walinzi wa kiraia ndiyo inayofaa, kwa sharti kwamba vituo vyao vifuate wavuvi walipo na si mahali panapopendeza kwa gwaride: Usenge kwa maji ya Mageta na Sigulu, Sori au Muhuru kwa maji ya Migingo, na kituo cha uokoaji katika mlango wa Luanda Kotieno na Mbita, ambako feri na mashua hupishana usiku na mchana. Mamlaka ya kukamata majini yawe ya kikosi kimoja, na wengine wawe wasaidizi wake. Jeshi libaki karakanani likijenga vyombo, kazi ambayo imelipa heshima Nyanza kuliko gwaride lolote, na liwe akiba chini ya Bunge.

Pamoja na hayo yanahitajika mapatano mafupi baina ya Kenya na Uganda: kwamba mvuvi aliyekamatwa akabidhiwe polisi wa nchi yake ndani ya siku zilizotajwa, na mashua, mashini na samaki wake waandikwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Gharama ya karatasi hiyo ni ndogo kuliko ya jengo moja la kambi.

Waheshimiwa wabunge wa Siaya, Homa Bay, Migori na Busia, ambao huulizia kambi kila mwaka, waulize badala yake swali ambalo Waziri hataweza kulijibu kwa ahadi: kazi ya kuupima mpaka iliyoanza mwaka 2009 itamalizika lini, na maboya yatatiwa lini katika mstari wa Pyramid, Ilemba na Mageta.